Mashine ya Bi Redio

Nilikuja kwa mdogo wangu kulala siku mbili tatu, nipumzishe miguu, kisha niendelee na safari. Amri ya kufunga barabara ilinikuta bafuni kwake, sabuni imejaa machoni. Nilipotoka, mpwa wangu akaniambia nisijisumbue kufunga begi, hakuna gari litakaloingia wala kutoka mjini mpaka itangazwe tena. Nikacheka. Mimi nimeshafungiwa njia na mafuriko, na vita, na safari moja na nyuki, na kila mara njia ilifunguka kabla viatu vyangu havijakauka. Safari hii viatu vilikauka, vikapasuka, na mimi bado nipo.

Sina kazi moja ya kuitaja. Nimepika kambini, nimevunja kokoto, nimepaka madaraja rangi, nimelinda maghala ya watu nisiowajua. Shule niliisoma vipande vipande, darasa huku na darasa kule, na sehemu kubwa nimeisomea kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Msomaji akiona nimeruka kitu, ajue hapo ndipo nilipohama.

Mdogo wangu yeye hakuhama. Aliingia kiwanda cha magunia akiwa msichana, akaolewa akiwa humo, akafiwa na mume akiwa humo, akamwingiza binti yake humohumo, idara ya kushona. Kiwandani walimwita Redio, na alipoanza kuota mvi wakaongeza heshima, Bi Redio. Lilikuwa jina la utani, maana kazini mtu hakuwahi kuisikia sauti yake. Mashine za kufuma za mahali pale zina kelele kiasi kwamba ukifyatua bunduki jirani yako atadhani umepiga chafya. Kwa hiyo wafumaji hawapigi kelele. Wanasema kwa midomo mitupu. Wanafungua kinywa kwa ukubwa, wanaliumba neno taratibu bila sauti, na mwenzao aliye upande wa pili wa ukumbi analisoma usoni. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa bingwa wao. Habari ikimfikia asubuhi, kabla ya chai ukumbi mzima unayo. Walikuwa wanamsengenya msimamizi akiwa amesimama katikati yao, naye anadhani wanatafuna kitu.

Kelele hizo zilimla masikio. Nilipofika kwake safari hii alikuwa hasikii kabisa. Mlango ukibamizwa anageuka, lakini ni kwa sababu sakafu imetetemeka. Hilo halikumsumbua. Yeye na binti yake walizungumza nyumbani vilevile kama kazini, na mara nyingi nimelala kwenye mkeka nikidhani nyumba imetulia, kumbe nikigeuka nawakuta wawili hao wanacheka mpaka mabega yanaruka, bila mlio. Na mimi alijaribu kunifundisha. Alisema kinywa changu kina kigugumizi, eti naongea kama mtu anayekula chakula cha moto.

Kilichomsumbua ni kifua. Vumbi la nyuzi lilikuwa limelala humo miaka na miaka. Asubuhi alikohoa akiwa ameuma taulo, majirani wasijue, kwa sababu kiwandani mtu akijulikana ana kifua huambiwa kwa upole akapumzike, na akishapumzika harudi tena. Masikini, hakukisikia kikohozi chake mwenyewe. Hakujua kwamba taulo halikuficha kitu na kwamba mtaa mzima ulikuwa unamsikia na kunyamaza.

Basi ugonjwa ukaja, na amri, na kiwanda kikazimwa. Siku ya kwanza mdogo wangu alivua ndala, akasimama katikati ya chumba, akaniambia sakafu imekufa. Nyumba yao ilikuwa karibu na ukuta wa kiwanda, na maisha yake yote sakafu ile ilikuwa inatetemeka chini ya nyayo zake usiku na mchana.

Mwanzoni watu walitii kwa moyo. Baadaye unga ukaanza kwisha majumbani, na kila penye ndoo ya kunawia mikono pakawa na bunge. Wengine walisema anayetaka kufungua anataka kuua wazee. Wengine walisema anayetaka kufunga ana mshahara unaomfuata mpaka kitandani. Marafiki wa miaka waliacha kusalimiana. Nilimwona kinyozi na jirani yake muuza mkaa wakirushiana maneno kila mmoja kutoka kizingitini kwake, kwa sababu hata kugombana kwa karibu kulikatazwa.

Mwishowe uongozi wa kiwanda ukaita wafanyakazi wote langoni ili watoe maoni. Walichorewa miduara ya chokaa barabarani, kila mtu na mduara wake, barakoa usoni. Mdogo wangu alikwenda, amevaa gauni lake la kazini lililopigwa pasi. Mimi nilisimama kando, karibu na wafumaji wawili wa zamani.

Msimamizi alizungumza kwa kipaza sauti maneno marefu yaliyozunguka mlima bila kuupanda. Akafuata fundi wa mashine, jamaa mmoja mnene mwenye maneno, anayeitwa Spana. Huyu alikuwa mtu wa nyumbani kwa mdogo wangu, ndiye aliyekuja kuziba bomba lilipopasuka, na wala hakutaka hata soda.

"Tunaambiwa tukae ndani tuwalinde wazee," alisema Spana. "Sawa, wazee wanalindwa. Wanangu je? Wale ulinzi?"

Watu wakacheka, hata waliokuwa upande mwingine. Akaendelea kwamba yeye hana akiba, na kwamba njaa nayo inaua ila haitangazwi jioni kwenye taarifa ya habari. Walimpigia makofi. Ndipo mpwa wangu akatoka kwenye mduara wake, akasogea mbele, akashusha barakoa ili asikike.

"Spana, wewe ni kaka yangu, na wanao ni wanangu," alisema. "Lakini mnaongea kama vile huu ni ugonjwa wa watu wa mbali. Mama yangu yule pale. Mnamwona amesimama, mnadhani mzima. Kila asubuhi anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikiingia humo na kutoka, nitamletea. Sasa nani hapa atanipa mama mwingine?"

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waligeuka kumtazama mdogo wangu, wote kwa pamoja. Na yeye, kwa kuwa binti alikuwa ameshusha kitambaa, alikuwa amemsoma neno kwa neno. Alishusha na yeye barakoa yake, akasema kitu kutoka pale kwenye mduara, bila sauti. Kilikuwa kifupi. Vijana wa ofisini hawakuelewa, lakini wafumaji wa zamani wote waliinamisha macho kwenye chokaa.

Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa karibu nami amesema nini. Hakutaka kunijibu. Nilipomsihi akasema, "Amemwambia binti yake: umenivua nguo."

Jioni hiyo niliona ugomvi ambao sijauona popote nilikopita. Taa imewashwa, sufuria iko jikoni, mama yuko huku na binti yuko kule, na midomo inakwenda mbio, vidole vinapigwa kifuani, machozi yanatoka, na kitu pekee kinachosikika ni maji yanayochemka. Niliokota maneno machache. Mama alisema amekificha kifua chake miaka yote hiyo ili binti asome, ashone, avae. Binti alisema afadhali mama mwenye hasira kuliko mama aliye kaburini. Mama alisema hilo si la binti kuamua. Kisha binti akafungua kinywa aongeze jambo, na mama akafumba macho.

Nikaelewa hapo kwamba kwa kiziwi kufumba macho ni kumfungia mtu mlango na kutia komeo. Binti alisimama pale kinywa wazi, hana wa kumwambia.

Baada ya siku kadhaa uamuzi ukatoka, nao ulikuwa wa kuwaridhisha wote, yaani haukumridhisha mtu. Kiwanda kitafunguliwa. Kila mmoja atavaa barakoa wakati wote. Na wazee na wenye maradhi ya kifua watabaki nyumbani, kwa usalama wao. Msimamizi alikuja mwenyewe mpaka uani kwetu, mtu mstaarabu, akasimama mbali na kuongea kupitia kitambaa. Mdogo wangu alimtazama tu kile kitambaa kikitingishika. Ikabidi binti atafsiri. Alisimama mbele ya mama yake, akashusha barakoa, akamwambia kwa midomo kwamba hatarudi kazini. Halafu msimamizi akaongeza kwamba wafumaji wamepungua, kwa hiyo binti atatolewa kushona na kupewa mashine ile ya mama. Nayo akaitafsiri, uso umemwiva.

Mdogo wangu alisubiri mpaka neno la mwisho, kwa adabu. Kisha akafumba macho.

Sakafu ikaanza kutetemeka tena. Mpwa wangu aliondoka alfajiri na kurudi magharibi. Alikuwa na utaratibu wake na hakuuvunja: anavua nguo za kazi uani, anaoga, anavaa barakoa safi, ndipo anaingia. Chakula cha mama anakiweka kwenye kigoda mlangoni pa chumba. Mama anakila akiwa ameukabili ukuta. Binti akipita, mama anafumba macho. Nilijaribu kuwapatanisha nikashindwa, maana mmoja hanisikii na mwingine hataki kunisikia. Niliona nyumba ile imelaaniwa, wanawake wawili wanaopendana hawatazamani usoni. Leo nikifikiria, zile ndizo siku pekee ambazo mdogo wangu alikuwa salama kweli.

Mchana mmoja nilimpelekea mpwa wangu chakula alichokisahau. Mlinzi wa lango tulikuwa tumeshazoeana, tunapiga soga, akaniruhusu nifike mpaka mlango wa ukumbi. Nikachungulia. Kelele zilinipiga kifuani kama mtu anayenisukuma. Mbele yangu, safu kwa safu, watu walikuwa kwenye mashine zao, na barakoa zote zilikuwa kidevuni. Si kwamba walikuwa wakaidi. Huyu amekatikiwa na uzi, anamwita fundi. Yule anauliza saa. Yule anacheka. Midomo inakwenda huku na huku kama ilivyokuwa ikienda maisha yao yote. Nilimwona mpwa wangu na Spana wameinamia mashine ya Bi Redio, nyuso zinakaribia kugusana, wanaumbiana maneno makubwa usoni. Msimamizi akipita, vitambaa vinapanda vyote kwa pamoja. Akishapita, vinashuka.

Nilipomwambia mpwa wangu jioni ile, alikataa katakata. Hakuwa anadanganya, uso wa mwongo naujua, nimelala nao chumba kimoja katika kambi nyingi. Alisema, "Mjomba, mimi? Mimi niliyesimama pale langoni? Kutwa nzima nilikuwa nimevaa."

Kesho yake alirudi amenywea. Aliniambia amejichunga siku nzima na bado amejikuta mkono uko kidevuni, neno limeshatoka, hajui mkono ulipanda saa ngapi. Alichukua sindano, akashonea barakoa zake zote kamba ndefu, akawa anaifunga nyuma ya kichwa chini ya kitambaa cha nywele kwa fundo ambalo vidole haviwezi kulifungua upesi. Wenzake walimcheka, wakamwita Kapu, eti limefungwa mdomo. Alivumilia. Kwa hiyo kazini akawa bubu. Na nyumbani pia akawa bubu, kwa kuwa mwenye kumsoma alikuwa amefumba macho.

Lakini mashine ya mama yake ilimkataa. Wafumaji wanasema kila mashine ina tabia zake, na ile ilikuwa imemzoea mtu mmoja tu. Ilikata nyuzi, ilifuma gunia lenye mstari mwembamba kama kovu, na hakuweza hata kumuuliza jirani afanyeje, mdomo umefungwa fundo. Msimamizi alishamwonya. Jioni moja binti alikuja na kipande cha gunia lililoharibika, akakaa kwenye kigoda kile cha chakula, akakitandaza mapajani na kukitazama tu. Vidole vyake vilikuwa vimechanika.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani mwake. Sijui alifumbua macho saa ngapi. Niliona tu amesimama, amekuja mpaka mlangoni, ameinama na kulichukua lile gunia mapajani pa binti yake. Alipitisha kidole gumba juu ya ule mstari. Akatoa sauti ndogo ya kukereka, ile ya mtu anayeona kazi yake imeharibiwa. Kisha akamgusa binti begani, binti akainua uso, na mama akasema kwa midomo, taratibu kiasi kwamba hata mimi nilisoma, "Inavuta kushoto."

Binti alitikisa kichwa kwamba haelewi. Mama akaeleza. Nilikuwa nashika maneno nusunusu: kwamba upande wa kushoto wa mashine ile una uchovu, kwamba asiipige nyundo kama Spana anavyopenda, aiwekee paja, aisukume kidogo kila inapogeuka. Akaonyesha kwa paja lake mwenyewe pale mlangoni, mwanamke mzima anasukuma hewa kwa nyonga. Akasema kitu kingine, na binti akaanguka kwa kicheko. Baadaye niliambiwa kwamba alisema mashine ile ni kama marehemu baba wa binti, ukiipigia kelele inazidi ukaidi, ukiiegemea inalainika.

Binti alitaka kujibu. Akatafuta fundo nyuma ya kichwa, likamshinda, akavuta kitambaa kwa nguvu mpaka kamba ikakatika. Kikashuka kidevuni. Akamuuliza mama yake swali, na mama akamjibu, na akauliza lingine, na wakakaa pale, mmoja ndani ya kizingiti na mwingine nje, nyuso zimetazamana kama walivyozoea, mpaka chakula kikapoa. Nyumba ilikuwa kimya na furaha imejaa tele. Hakuna kati yetu watatu aliyekikumbuka kile kitambaa. Mimi niliwaza tu kwamba amani imerudi, sasa naweza kuondoka barabara zikifunguliwa.

Kila jioni ikawa somo. Mashine ilitii. Magunia yalitoka safi, msimamizi alimsifu, na mdogo wangu, alipoambiwa, alijipiga kifua kwa majivuno mpaka akakohoa.

Kisha kikohozi kikabadilika. Mimi nilikijua kile cha zamani, kilikuwa na mwanzo na mwisho. Hiki kilikuwa hakina mwisho. Alikataa chakula, akasema hewa ya chumbani imekuwa nzito. Gari lilikuja, watu waliovaa nguo za plastiki wakamchukua. Sisi tulipimwa. Mimi sikuwa nao. Mpwa wangu alikuwa nao, yeye ambaye hakuwa amepiga hata chafya. Aliposomewa majibu alikaa chini palepale kwenye saruji, na muuguzi akamwambia asiogope, yeye ni kijana, utampita. Hakuwa analilia hilo.

Alifungiwa chumbani mwa mama yake. Mimi ndiye niliyekwenda hospitali. Wodi ile ilikuwa ya chini, ina madirisha makubwa ya vioo yasiyofunguliwa, na jamaa za wagonjwa husimama nje kwenye majani, wameweka matofali ya kupandia. Wanapunga mikono, wanabusu vioo, wanaongea na wagonjwa wao kwa simu. Mdogo wangu simu haimfai. Nilipanda tofali, nikashusha kitambaa, nikasema kwa kinywa changu chenye kigugumizi kwamba binti anaendelea vizuri. Alinisoma akacheka. Alisema bado naongea kama ninakula cha moto. Akaniuliza mashine yake inashikwa na nani sasa, na alipoona sijui akakunja uso. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walitutazama kwa wivu, sisi wazee wawili tunaopiga soga kupitia kioo. Mmoja alimwomba kwa ishara amsomee mkewe anasema nini kule nje, na mdogo wangu akamsomea, akawa mkalimani wa dirisha zima. Hata huko alikuwa Redio.

Hilo lilikuwa mwanzoni. Mpwa wangu alipopona na kuruhusiwa kutoka, mama yake alikuwa ameshavishwa barakoa ya oksijeni, ile ya plastiki yenye mpira, imefunika pua na mdomo. Tulikwenda pamoja mchana. Nje palikuwa na watu wengi, wamesongamana madirishani, hakuna cha miduara wala chokaa. Mpwa wangu alipanda tofali. Mama alikuwa ameinuliwa kwa mito, amesinzia. Binti aligonga kioo, kisha akakumbuka kwamba haisaidii, akasubiri. Macho yalipofumbuka, yalimtambua.

Alikuwa amevaa moja ya zile barakoa zake za kamba. Hakuhangaika na fundo, aliikata. Akaanza kusema. Nilikuwa pembeni nikauona mdomo wake: mama nisamehe, mimi ndiye niliyekuletea, nilisema langoni kwamba nitakuletea na nimekuletea. Alirudia na kurudia, kwa midomo mikubwa ya kiwandani, na machozi yanaingia kinywani. Upande wake wa kulia mtu mmoja aliyekuwa amebanana naye pale dirishani alikuwa anakohoa.

Mdogo wangu alimtazama mpaka mwisho. Kisha mkono wake ukapanda. Ulikuwa ule mwendo wa kiwandani, nimeuona kwa watu wengi ukumbini: vidole viwili vinashika ukingo na kuvuta chini. Alivuta barakoa ya oksijeni mpaka kidevuni. Muuguzi alikuwa mwisho wa wodi na hakuona. Midomo ya mdogo wangu ilikuwa ya bluu. Nilidhani atasema nimekusamehe, au atamtaja baba yake, au mashine.

Alisema, "Funika mdomo, mwanangu."

Nilisoma bila kusaidiwa. Binti alitikisa kichwa. Mama akarudia, na safari hii akaongeza kunyoosha kidole kwa yule mtu aliyekuwa anakohoa. Muuguzi akaja mbio, akamrudishia ile plastiki, akaubana mpira, akaushika mkono usipande tena.

Mpwa wangu aliinua kitambaa. Kamba ilikuwa imekatika, ikabidi akishikilie kwa mkono. Basi yakabaki macho tu, ya huku na ya kule, na hakuna aliyekuwa na namna ya kumwambia mwenzake kitu. Walikaa hivyo mpaka tukafukuzwa kwenye majani.

Alikufa kabla hatujarudi tena. Mazishi yalikuwa ya watu wachache waliosimama mbalimbali. Spana alichimba kaburi pamoja na watu wa manispaa, ingawa walimwambia si kazi yake. Yeye pia alikuwa ameugua siku zilezile na kupona, na hakuna anayejua nani alimpa nani.

Wiki iliyofuata kukawa na mkutano mwingine langoni. Wengine walitaka kiwanda kifungwe tena, na walimtaja Bi Redio kama ushahidi. Wengine walisema acheni kumsingizia marehemu, yeye hakukanyaga kiwandani, alikuwa nyumbani analindwa kama ilivyoagizwa, kwa hiyo kiwanda hakina kosa. Walimvuta huku na kule kama gunia. Kisha pande zote mbili zikamgeukia binti yake, kila upande ukingoja aseme neno upate kushinda. Aliweka kiganja juu ya barakoa yake, akakikandamiza, akabaki hivyo mpaka king'ora cha kazi kikalia. Akaingia.

Barabara zimefunguliwa siku nyingi. Nimenunua viatu vipya na bado viko kwenye karatasi zake. Mpwa wangu anafanya kazi kwenye mashine ile ile, nasikia anaiwekea paja na inamtii. Kazini haongei. Nyumbani pia haivui barakoa, hata akiosha vyombo, hata tukiwa wawili na madirisha wazi. Nilimwambia amri imeshaondolewa, akaitikia kwa kichwa.

Jioni anakaa kwenye kigoda mlangoni pa kile chumba, uso ameuelekeza ndani, kwenye kitanda kilichotandikwa. Sakafu inatetemeka. Namtazama kutoka kwenye mkeka, na naona kitambaa kinacheza mdomoni, kinaingia na kutoka, maneno marefu, moja baada ya jingine. Siwezi kuyasoma.